Funguo Nilizorudisha

Ruiru, 2 Julai 2025

Kwa Anko Ephantus,

Habari za huko Thika? Mguu unaendeleaje? Huku tunaamka tu. Nyumba imekuwa kubwa bila Mama.

Jana polisi walinipigia. Wanataka niseme kama siku ya ruracio yangu, tulipopokea mahari pale kwa babu, Guka Kamenu, ulikuwa umelewa ulipoondoka na Mama kwa gari lako kumrudisha Ruiru. Sijawajibu. Nimeona nikuulize wewe kwanza, kwa kuwa wewe ni kaka yake. Utasema nini?

Mpwa wako,
Waithira

Thika, 20 Julai 2025

Mpwa wangu Waithira,

Salamu nyingi. Mimi bado natembea kwa magongo, lakini namshukuru Mungu. Pole tena. Rachael alikuwa dada yangu wa pekee.

Waambie breki zilikataa. Hayo mengine ni ya nyumbani. Pombe ya muratina niliyokunywa ni ile ya desturi, na pembe ya kwanza ya kunywea ulinipa wewe mwenyewe kwa mikono miwili, mbele ya wakwe. Ningeikataaje? Nikifungwa, Rachael atafufuka? Na siku ya harusi ni nani atasimama nawe?

Anko wako,
Ephantus

Ruiru, 14 Septemba 2025

Anko,

Natumaini magongo umeyaacha. Gachau, yule wa boda uliyemgonga kabla ya kuingia mtaroni, hataacha yake. Nilienda kumwona. Kwenye barua yako hukumtaja hata kidogo.

Pembe moja nilikupa, ni kweli. Nne zilizofuata ulijimiminia. Ndiyo maana nilizichukua funguo zako pale mezani nikazificha kwenye kibeti. Mama akanivuta jikoni: "Wewe Waithira, rudisha hizo funguo! Unataka kuniaibishia kaka mbele ya wageni?" Nikarudisha. Nilikuwekea mkononi, nawe ukacheka: "Haka kasichana siku hizi ni trafiki!" Mama naye akacheka, akapanda mbele.

Nimekukasirikia hadi nashindwa kula. Nimejikasirikia mimi pia, na hasira hiyo sijui nitaipeleka wapi.

Breki zilikaguliwa, zilikuwa nzima. Kesho naingia mahakamani. Nitasema pembe tano, kisha nitasema habari ya funguo, na ni nani aliyekurudishia.

Kuhusu harusi, usijisumbue. Aliyepaswa kusimama nami ulimpakia mwenyewe.

Waithira wa Rachael