Filamu ya Mpelelezi Uliyotutafsiria Keko

Kwako mume wangu, Baba Rehema, popote ulipo,

Anwani yako siijui, ndiyo maana nakuandikia gazetini. Wewe na gazeti mlikuwa hamwachani. Huenda hili likakufikia.

Leo nimepita kwenye lile banda la mafundi seremala hapa Keko. Nikakuona palepale, Jumapili ile alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, umesimama kando ya shuka jeupe unatutafsiria Kiingereza cha filamu ya mpelelezi. Ulikuwa na mbwembwe wewe! Mpelelezi akiingia hotelini, unashusha sauti: "Sasa nyie tulieni, karatasi ya siri imo kwenye soli ya kiatu." Kweli, akavua kiatu. Watu walishangilia mpaka vumbi la mbao likatimka.

Kesho yake minong'ono juu yako ikaanza. Karani wa serikali huko bandarini, amejuaje siri ya mpelelezi kabla haijatoka? Basi naye ni mpelelezi, anawapelekea wazungu majina ya wanaohudhuria mikutano ya siasa. Mafundi wakawa wakikuona wananyamaza. Hata yule aliyetutengenezea kitanda alikataa kukupa mkono.

Mimi nilijua. Ulikuwa umekwenda kuiona filamu ile mjini mara tatu, na wiki nzima ulifanya mazoezi uani, mimi nachambua mchele nakucheka. Lakini jirani aliponiuliza bombani, "Mama Rehema, eti mumeo anapeleka maneno?" nilijitwika ndoo nikaondoka. Niliogopa kutengwa. Wao wakasema kimya changu ndilo jibu.

Habari za bombani zikakufikia. "Kwa nini hukuwaambia?" uliniuliza, taratibu tu. Nikainama kuchambua mchele. Wiki hiyohiyo ukapanda lori la Tanga.

Rehema ameolewa Lindi. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki. Majirani hawakunitenga, wananisalimia vizuri sana, kisha kila mtu anaingia kwake. Nakukumbuka, Baba Rehema, na jioni ndizo mbaya zaidi.

Kurudi ni hiari yako, siwezi kukulazimisha. Ila gazeti hili husomwa kwa sauti pale barazani, na safari hii nataka wasikie wote: mume wangu hakuwa mpelelezi. Nilijua, nikanyamaza.

Ubaki salama huko uliko.

Mkeo,
Mama Rehema