Betri ya Trela Uliyomletea Mama

S.L.P. 1147,
Bungoma.
14 Julai 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mukhisa,

Pokea salamu zangu huko Kanada. Natumaini wewe, Rosaline na mtoto Ian mko wazima. Sisi tupo, ila si wote wazima. Daktari wa Kitale ameniambia leo asubuhi kwamba Mama atapona. Amesema kilichomwangusha Jumatano ni sumu ya moshi wa makaa, si presha kama ulivyosikia.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Aliyemkuta ni jirani yetu Jepchirchir, alipopeleka maziwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alikuwa sakafuni mwa trela, ile nyumba ya magurudumu uliyomletea, mlango na madirisha yamefungwa, jiko la makaa kando ya kitanda. Julai ya Kitale unaijua. Hita ilikataa, akajipatia joto kwa njia aliyoijua tangu utotoni. Lakini nyumba ya udongo hupumua. Hilo sanduku lako halipumui.

Alhamisi nilimleta fundi Zachary kutoka Chwele. Alianza na gesi: mtungi ulikuwa nusu, na jiko la gesi liliwaka vizuri. Akanieleza kwamba hita huchoma gesi, lakini feni yake huzungushwa na betri. Feni ikilegea, hita hujizima yenyewe. Nikamwambia betri ni nzima, mbona taa zinawaka? Akacheka.

"Madam, taa hata betri mgonjwa anabeba. Feni ndiyo kazi."

Mita yake ilisoma volti kumi na mbili nukta tatu. Feni ilipoanza, zikashuka hadi tisa nukta sita, na hita ikazimika. Alipofungua vifuniko vya betri, maji yalikuwa yamekauka.

Uliandika kwenye kundi la familia kwamba watu wa nyumbani wameuza betri yako na kuweka mbovu. Hakuna aliyeuza. Nambari yake ni ile ile iliyo kwenye karatasi zako. Kila Jumamosi Everlyne wa kanisani aliibeba kwa wilbaro kwenda kuwasha spika, akairudisha Jumatatu ikiwa tupu, na kwa mawingu ya msimu huu sola haikuweza kuijaza. Nilimuuliza nani alimruhusu.

"Si ni Mukhisa mwenyewe, siku ya kuombea trela? Simu iliwekwa kwa spika, akasema ati chake ni cha kanisa. Tukapiga makofi, bana!"

Nilikuwepo siku hiyo. Nilipiga makofi pia. Na mwezi uliopita, Mama aliponiambia hita inazimika, niliwasha taa, zikawaka, nikarudi Bungoma. Hilo ni langu.

Ukuta wa nyumba ya udongo ya Mama ulianguka Aprili ya mwaka jana. Aliomba ukuta. Ulimletea trela, ukataka picha.

Amenikataza kukwambia haya. "Mwache, atahuzunika. Ile ni nyumba ya mwanangu, nitarudi." Hatarudi. Nimeifunga kwa kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Wasalimie Rosaline na Ian. Jepchirchir anakusalimu, hata Everlyne, ambaye tangu Jumatano hajaacha kulia. Mungu awalinde, awape na joto la kutosha huko mliko.

Mama ataruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa. Jumamosi tarehe 19, saa tatu asubuhi, majirani watakuja kukandika ukuta. Saa nne nitakupigia nimpe Mama simu. Kwenu itakuwa usiku, ukeshe. Muulize amelalaje. Betri usiitaje.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,
Nakhungu