Kwa Nini Mama Amekuja Mapema

S.L.P. 418,
Nyumba za Wafanyakazi,
Uwanja wa Ndege.
Jumatano, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu tele kutoka kwetu. Mguu wa shemeji umepona? Na mtoto ameshaweza kukaa, au bado anaanguka kama gunia? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika kwa kusimama kaunta kutwa.

Kwenye simu sikukueleza vizuri kwa nini mama anakuja mapema, maana alikuwa ameketi ubavuni pangu. Ndiyo maana nimeichomeka barua hii kwenye mkoba wake.

Ile ndege yetu ya moja kwa moja kuja huko kwenu inafutwa. Haikumaliza hata miaka miwili. Ina viti mia mbili na themanini. Jana niliandikisha abiria tisini na mmoja. Msimu wa likizo tunafurika, ukipita tunabaki kuangaliana. Wafanyabiashara, ambao ndio wanunuzi wa viti vya mbele vya bei kubwa, wanakwenda kupandia mji mkuu. Kule kuna ndege kila siku, huku kwetu mara mbili kwa wiki. Meneja hakupepesa macho: "Mji wetu ni mdogo kwa ndege hii."

Nilirudi nyumbani mnyonge. Unajua mama hasikii vizuri, na kubadilisha ndege peke yake kwenye uwanja mkubwa aliapa hataweza. Nilidhani atalia. Akauliza tu, "Ya mwisho inaondoka lini?"

"Alhamisi hii."

"Basi nibadilishie tiketi."

"Na kurudi je, mama?"

Akaendelea kukunja nguo zake. "Atanirudisha Chiriku. Miaka sita bila kuja nyumbani imetosha."

Mimi kila mwaka nakuuliza utakuja lini, nawe unasema mwakani. Mama hakuuliza. Safari hii huna pa kuponyokea, mdogo wangu.

Kazi sijapoteza, nimehamishiwa kaunta ya safari za ndani. Lakini kesho nitamwandikisha mama mimi mwenyewe, kiti cha dirishani.

Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Wifi yako na shangazi wanakusalimu sana. Mungu awafunike huko, na awatangulie njiani.

Mama nimekukabidhi. Mlete mwenyewe.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako