Babu, Uliungama Tende Moja

Mpendwa Babu,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, usilipime uzito wake. Ni miezi mitatu tangu ufariki. Watu wako kule ziwani wanakusifu, na mimi huku Ibra, mji wa Waarabu, nimechoka kusikiliza.

Mjomba amemtumia Mama kwenye simu picha za kijitabu cha maisha yako, kitakachogawiwa kanisani siku ya kumbukumbu. Anataka wajukuu turekodi maneno machache, watu wayasikie. Kijitabu kinakuita mwanamatengenezo wa kanisa. Kinasema ulikataa viti vya mbele vya wakubwa ukakaa chini na watoto. Ulimwambia askofu usoni kwamba wokovu ni neema, haugawiwi na mwenye joho. Ulifundisha kwamba dhambi iliyofichwa huoza ndani ya mtu, na dawa yake ni kuitaja mbele ya uliyemkosea. Ulitembea siku mbili kurudisha jembe uliloazima ujanani. Na kuna picha ya baiskeli yako ya kuhubiria, ukurasa mzima.

Kisha yanafuata majina ya watoto wako. Sita. Mama aliikuza picha kwa vidole, akasoma, akarudia kusoma. Baada ya wa pili anakuja wa nne.

"Labda nafasi haikutosha," akasema.

Nafasi, Babu! Baiskeli imepata ukurasa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ulipokuja kwetu kutolewa mtoto wa jicho. Aliyekuita ni Baba, yule ambaye harusi yake hukuikanyaga kwa sababu Mama alisilimu. Alikupa chumba chake. Alituonya tusipige kelele saa zako za kusali. Jioni alikupeleka kwenye falaji, mfereji unaopeleka maji mashambani kwa zamu, nami niliwafuata nyuma.

"Hata maskini ana zamu yake?" ulimuuliza.

"Hata maskini, mzee wangu. Hata msikiti una zamu yake."

"Kanisa langu nililitaka hivi," ukasema, ukainama kunawa uso. Siku ile nilikupenda. Hilo nalo nalisema, nisije nikawa kama wewe.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, ulituomba sote tukae. Ukasimama, mkono kifuani.

"Nina jambo la kuleta nuruni," ulisema. Ndivyo mlivyoita kuungama. "Asubuhi nimekula tende moja kabla mwenyeji hajanikaribisha. Nisameheni."

Baba alijizuia, ikashindikana, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mzee wangu, kula! Ukiungama kila tende ya Ibra, hutarudi kwenu."

Wewe hukucheka. Wala mimi sikucheka. Nilijiambia, huyu ndiye mtu mkweli kuliko wote niliowahi kuwaona.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Kiarabu hukukijua, na cha Mama ni cha sokoni, basi mkalimani nikawa mimi, ninayeona haya hata kuagiza juisi. Karani alikuwa anajaza fomu. Akauliza kwa upole, kwa Kiarabu, huyu mama ni nani wa mzee.

"Babu, anauliza Mama ni nani wako."

Ulimtazama Mama kwa jicho lako zima. Alikuwa ameikumbatia chupa ya chai ya tangawizi aliyokupikia alfajiri.

"Mwambie ni mwenye nyumba niliyofikia."

Nilikuwa mtoto mtiifu. Nilijua mkalimani haongezi wala hapunguzi. Nikatafsiri. Mama akakanwa mara mbili, kwa Kiswahili chako na kwa Kiarabu changu, na zote mbili alizielewa.

Karani akasema wanaoruhusiwa kuingia ni jamaa tu. Mama akabaki kwenye korido, chupa mapajani, mpaka ulipotolewa. Nyumbani akawa anakutia dawa ya jicho mara nne kwa siku.

"Fumbua, Baba."

"Asante, mama," ulijibu, kama unavyomjibu mwanamke yeyote anayekuuzia ndizi.

Nilingoja. Kila chakula nilingoja usimame. Ulisimama ukaungama kumkasirikia paka. Ulisimama ukaungama kusinzia katikati ya sala. Kisha ukapanda ndege.

Sasa nimemaliza shule, na nimekuelewa. Ulikuwa ukichagua dhambi zinazoenea kiganjani. Tende, paka, jembe. Unaziinua juu watu wazione, na watu wanasema, tazama mtu asiyeficha kitu! Maaskofu hukuwaogopa, lakini askofu hakuwahi kukuchemshia chai. Mwanamke mmoja mwenye chupa mkononi ndiye aliyekutia hofu. Neema ni bure, uliwahubiria watu wote, na mlangoni pa mwanao ukakaa kama bawabu. Hayo ndiyo matengenezo yako. Jembe la jirani lilirudi kwa mwenyewe, binti yako hakurudishiwa hata jina lake.

Ila fundisho lako ni zuri kuliko wewe, na nimeamua kulitumia. Jana nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamwambia nina jambo la kuleta nuruni. Nikamsomea barua hii mpaka hapo pa karani, nikamwambia, "Ningeweza kusema kweli, Mama, na sikusema. Nisamehe."

Hakuinua uso. "Ulikuwa mtoto."

"Babu hakuwa mtoto."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. "Hapana," akasema. "Yeye hakuwa."

Sijawahi kumsikia akisema neno baya juu yako, na hilo ndilo baya kuliko yote aliyowahi kusema. Kisha akaniomba nifute maneno ya baiskeli.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa napanda nyuma, kwenye keria. Akienda kuhubiri, mimi ndiye nilikuwa nashika Biblia."

Sikuyafuta. Nimeyaacha na nimeongeza hayo, ili watakaoufungua ukurasa ule wajue nani alikuwa amekaa kwenye keria.

Mjomba alitaka maneno machache. Atapata barua nzima, kwa sauti yangu hii inayotetemeka, na akiikata nitaituma kwa kila binamu ninayemjua. Najua desturi yenu, mtu akishaungama wote huimba. Naomba wasiimbe. Nataka wasikie kwanza jibu la swali la karani, nililolichelewesha miaka mitano.

Ni binti yake.

Lala, Babu. Tende tulikusamehe siku ile ile.

Mjukuu wako,
mtoto wa mwanao wa tatu