Harufu ya Sakafu ya Moto na Mfuko wa Mama Mkwe

Mama Zita na wasikilizaji wake, redio ya Kiswahili, Columbus. Alhamisi, mwezi wa pili, 2015.

Mama Zita mpendwa,

Unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama mkwe wangu anapanda basi kwenda Louisville kwa shemeji Manassé, na mimi ndiye nimemfukuzisha, na sijui tena kama nilikuwa na haki.

Donc, nianze na nyumba. Tunapanga huku North Buffalo, na sakafu ya chumba cha chini ina mabomba ya maji ya moto ndani ya saruji, nje theluji na wewe unatembea miguu wazi, siku ya kwanza mimi na bwana wangu Hyacinthe tulilala pale chini tukicheka kama watoto. Mama alipotufikia mwezi wa nane akitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale tukampa hicho chumba kwa ajili ya magoti yake, na hapo pia ndipo kikundi chetu cha maombi kinakutana kila Ijumaa.

Basi mwisho wa mwezi wa kwanza harufu ikaanza, harufu ya choo, ya kitu kilichooza, na mimi ni mtu wa kutaka kujua, nikaanza kuitafuta. Nikanusa kuta, nikanusa soksi za Hyacinthe, hizo zina harufu yao lakini si hii, nikatambaa pua chini mpaka binti yangu Séphora akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina akili timamu. Nikapangusa na siki. Nikatupa sambaza zote za Mama, dagaa wake wa kukausha, yeye akiniangalia. Nikapunguza joto la sakafu siku mbili, harufu ikapungua, nikasema ahaa, lakini magoti ya Mama yakaanza kumuuma, nikarudisha joto na harufu ikarudi nalo. Kwa nini inapenda joto? Mwenye nyumba alinusa mara moja, akasema ni mapishi yetu, akaenda zake.

Bon, kosa langu ni hili. Ijumaa moja Mama Kavugho, kiongozi wetu wa maombi, alishika pua akauliza hii harufu ni ya nini, na mimi kwa haya nikasema mbele ya wamama wote, labda ni ule mfuko wa Mama, kuna mizizi mle. Weye! Wakaanza kukemea pepo pale pale, na Mama amekaa kwenye kiti chake ameshika kitenge. Sasa watu wanasema bibi alikuja na kitu cha kambini, na Hyacinthe amempigia Manassé. Juzi Mama akiwa anaoga niliufungua ule mfuko. Ni mbegu za lengalenga, ule mchicha wa kwetu, Mama Zita, na maharagwe, amezifunga vizuri kwa kitambaa, anangoja theluji iishe. Nikaufunga nikanyamaza mpaka leo.

Na si kwamba tulichukiana. Tuligombana mara moja tu, mbele ya Noeli, sababu kila Jumamosi alikuwa anaosha sakafu ya chini kama kwetu Bukavu, ndoo nzima ya maji, anasugua na ufagio, anayasukuma yote kwenye tundu la chuma lililo katikati. Nikamwambia Mama, hii ni Amerika, sakafu ina moto ndani, utatuletea balaa. Nikanunua mopu, na tundu nikalifunika na zulia, maana ni baya mbele ya wageni. Akatii, ndoo akaiweka kando.

Niambie, harufu inatoka wapi, na nifanye nini na huyu mama? Jina langu usilisome, anakusikilizaka.

Mkwe, North Buffalo

*

Wewe mwanamke! Umetambaa nyumba nzima pua chini, na jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Mimi kabla ya redio nilisafisha bafu za nyumba ya wazee hapa Columbus miaka minne, sakafu zao za moto kama yako, na harufu hiyo naijua vizuri.

Inua zulia. Chini ya tundu kuna bomba lililokunjwa kama kiwiko, na ndani yake hukaa maji kidogo. Maji hayo ndiyo kizibo. Yakiwepo, hewa ya mtaro inabaki huko huko. Sasa sakafu yako inapikwa mchana na usiku, maji yanakauka upesi, na joto linaipandisha harufu. Tangu mwezi wa nane mpaka Noeli nani alikuwa anayajaza? Mama, na ndoo yake. Ulipomnyang'anya ndoo, wiki tano tu mtaro ukaingia kwenye maombi. Mlikuwa mnakemea bomba lenye kiu!

Mwageni maji lita kumi polepole, halafu kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka. Rudieni kila wiki. Zulia lisirudi pale. Kuosha hakudhuru, mabomba yako ndani ya saruji, na tundu liliwekwa ili lipokee maji. Ikinuka bado baada ya siku moja, mwenye nyumba alete fundi, na fundi anuse tundu, asinuse sufuria zako. Ila ikigeuka harufu ya mayai yaliyooza, ile ya gesi, au vichwa vikiuma, tokeni wote kwanza, ndipo muwapigie zimamoto mkiwa nje.

Hilo ni bomba. Sasa wewe. Nakuhurumia, aibu ya wageni naijua. Lakini mizizi uliiona wapi? Na ulipoziona mbegu, ukanyamaza! Hapo ndipo umenikasirisha. Ulimchafua mbele ya watu, msafishe mbele ya watu. Kesho ni Ijumaa. Kabla Mama Kavugho hajafungua maombi, simama, sema ulichosema, sema ulichokikuta mfukoni. Ndoo usiishike wewe. Mpe Mama, amwage yeye, na wote wanuse.

Hyacinthe ampigie Manassé leo, amwambie safari imekufa, isipokuwa Mama mwenyewe akitaka kwenda. Baada ya haya, ana haki ya kutaka. Akibaki, Jumamosi saa ya basi uwe umeshika ufagio nyuma ya ndoo yake.

Jina lako sijalisoma, kama ulivyoomba. Ila jina la mwanawe na mbegu zake atavitambua, na kama redio yake iko wazi huko chini, ameshajua. Naweka wimbo. Shuka ngazi kabla haujaisha.