Filamu ya Harusi Yenu

Machakos,
16 Agosti 1998

Kimeu ndugu yangu,

Barua yako imefika. Mama anakusalimu, na yule mbuzi wake mweupe amezaa mapacha. Unataka nije Kithimani kupiga picha za ubatizo wa mtoto. Kamera ni ile ile ya zamani, haitaki betri. Juzi niliifungua, nikafuta ukungu kwenye lenzi na kutia tone la mafuta pale kitufe kilipokuwa kinakwama. Sasa ukibonyeza inalia vizuri.

Lakini sitakuja.

Niliwaambia filamu ya harusi yenu iliingiwa na mwanga ikaungua. Niliwadanganya. Niliiosha, na picha zote thelathini na sita ziko hapa kwenye mkebe. Unajua Ndanu nilimpenda mimi kwanza, kabla hata hujamjua. Siku ile nilijikaza, kila mara namwambia, "Angalia hapa." Picha zilipotoka nikatafuta moja tu ambayo ananiangalia. Hakuna. Hata mkikata keki, hata akilishwa na mama, macho yake yako kwako, wewe na koti lako la kuazima! Nilishikwa na wivu, nikazificha. Miaka miwili sasa nazitoa, nazitazama, nazirudisha.

Wambugu mwenye duka atakuletea picha zenu, pamoja na kamera. Nimeweka filamu mpya. Piga wewe mwenyewe. Ukisimama nyuma ya hiyo lenzi, Ndanu ataangalia kamera.

Ni mimi ndugu yako,
Muthoka