Nafasi Kando ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Sisi tunamshukuru Mungu. Nyumba ya ibada ya kale imepakwa chokaa, na makaburi nyuma yake yamefyekwa. Mchimbaji anasema imebaki nafasi moja tu, ile ya kando ya baba, ambayo uliapa mama wa kambo hatalazwa humo.

Kaka, mama huyo hainuki tena kitandani. Jana aliniuliza, "Mwanangu, mtanizika na wageni?"

Nikamwambia, "Meza dawa kwanza, mama, kaburi halikimbii."

Akacheka mpaka akakohoa, lakini jibu sikumpa, maana wewe ndiye mkubwa wetu. Naomba Mungu aulainishe moyo wako. Nijibu upesi, nimwambie angali anasikia.

Ni mimi dada yako